Gari la Vitanda Viwili Ambalo Hakuna Aliyeliiba

Nianze na lile nililolikana mbele ya shemeji yangu, mbele ya imamu wa mtaa, na mara moja mbele ya askari mwenye bunduki. Ni kweli: niliacha milango ya lile gari wazi, injini ikinguruma, mchana kweupe, katikati ya Bujumbura, nikaenda kula ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Sikusahau. Nilitaka liibiwe.

Nawaandikia ninyi ambao tangu nirudi hamjaacha kuniuliza ilikuwaje nikaondoka Buyenzi na gari lenye vitanda viwili, jiko la gesi, sinki na mapazia ya maua, nikashuka Kigoma na kikapu kimoja na kuku. Wengine mmesema nililiuza. Wengine, niliporwa. Jirani mmoja ambaye sitamtaja, maana huniazima chumvi, amesema nililizamisha ziwani. Hakuna aliyekisia, na siwalaumu.

Kwanza gari lenyewe. Madamu Odile alinifundisha jiografia nikiwa msichana wa sekondari. Alipostaafu alirudi Afrika na mumewe, Musiyu Bernard, ndani ya nyumba yenye magurudumu, wakashuka nchi baada ya nchi mpaka kwetu. Wiki mbili baadaye krizi, yaani vita yetu, ikapamba moto, ubalozi wao ukawaambia waende uwanja wa ndege na begi moja kila mtu. Saa moja asubuhi Madamu alikuwa mlangoni kwangu, gari likitetemeka nyuma yake. "Zaituni, nakuachia. Miezi mitatu tu." Nikaitikia.

Kwetu ukiitikia amana umeitikia. Marehemu baba yangu, fundi cherehani, aliwahi kuachiwa koti na Mgiriki aliyeondoka mwaka wa uhuru. Kila mwezi alilianika juani, akalipiga vumbi, akalirudisha sandukuni. Alipofariki tulilirithi, na mpaka leo hakuna mwenye ruhusa ya kulivaa. Mimi nimesoma chuo kikuu, nimeandika makala za kuwacheka watu wa namna hiyo. Miezi mitatu ya Madamu ilipotimia mwaka wa tatu, nilikuwa nalipangusa gari lake vumbi kila Ijumaa.

Halafu binti yangu Salma akajifungua Kigoma. Harusi yake nilikuwa nimehudhuria kwa barua, kwa sababu ya gari. Safari hii baharia mmoja aliniletea ujumbe wake kwa mdomo: mtoto ni wa kike, ana jina langu, arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo, na "Mama asiponifikia siku hiyo, asinitajie gari tena, wala asinitaje mimi."

Zilibaki siku kumi na mbili. Meli za mizigo zilikuwa zikipakia magari kwenda Kigoma, na mkwe wangu ana ua wenye ukuta mrefu. Nikaamua: ningeipeleka amana na nafsi yangu kwa meli moja. Kutoka kwangu hadi bandarini ni kama kilomita nne. Nilikadiria nusu saa.

BUYENZI: SIKU NNE, MITA SIFURI

Mnaokaa mbali hamjui lile gari lilivyolindwa. Shemeji yangu Idi, mdogo wake marehemu mume wangu, ni fundi wa injini ambaye Buyenzi nzima inamheshimu, naye alilivisha madirisha yote nondo, akaziunga kwa moto, mpaka likafanana na banda la simba lenye mapazia. Halafu akaniambia nigeuke. Niliporuhusiwa kugeuka tena, alikuwa ameficha mahali fulani koki ndogo ya kukata mafuta.

"Shemeji," akasema, "ni mi na we na Mungu. Na yule Mukongomani asijue."

Nikaapa. Yule Mkongomani ni Kazadi, fundi umeme kutoka Uvira, mtu wa kwaya, mikono myembamba kama ya mpiga gitaa. Wiki hiyo hiyo alinijia faraghani. Naye alikuwa ameficha swichi ya kukata umeme. "Mama Salma, ukiambia mutu, hata mutu ya familia, mi sitagusa hii gari tena. Na ukisema familia, mi najua unafikiri nani."

Nikaapa tena. Sheria ya mafundi wa kwetu mnaijua: fundi hafungui kufuli la fundi mwenzake akiwa hayupo, kwa sababu kesho kitu kikipotea, aliyejua ndiye aliyeiba. Kwa hiyo hata mimi, nilipowauliza siri zao ziko wapi hasa, wote wawili waliniangalia kwa huruma. Nilikuwa nimeapa kutunza siri ambayo sikuambiwa. Elimu yangu yote haikuliona hilo.

Mlinzi wa tatu alikuwa Déo, zamu wangu wa usiku, mtu wa miaka hamsini kutoka milimani aliyeshuka mjini na krizi. Déo alilinda kwa kuegemeza mgongo kwenye gari kuanzia sala ya isha. Alijisifu kwamba hajawahi kusinzia kazini hata mara moja. Buyenzi nzima ilimsikia akikoroma, na majirani walikubaliana kwamba huo ndio ulinzi wenyewe: siku mkoromo ukikatika, watu watoke na mapanga.

Juu ya hayo yote, magurudumu yalikuwa yametolewa. "Gari haina miguu haiibiwi," alisema Idi, akayagawa kwa majirani wanne. Asubuhi ya safari tulipata matatu. La nne lilikuwa kwa Mama Hawa, naye alikuwa amekwenda msibani Rumonge, nyumba amefunga, barabara ya Rumonge ikafungwa nyuma yake kwa sababu ya mapigano. Tulichungulia dirishani. Gurudumu lile pale, limelazwa chali, juu yake pipa la maji.

"Tuvunje?" niliuliza.

Idi alishtuka kana kwamba nimekula mchana wa Ramadhani. "Shemeji! Tuvunje nyumba ya mutu juu ya kulinda gari ya mutu?"

Tukangoja. Siku ya nne Mama Hawa akarudi, macho mekundu kwa kilio, akatukuta tumekaa barazani kwake kama wadai.

"Gurudumu? Sawa. Na pipa yangu itakaa juu ya nini? Juu ya kichwa yako, Profesa?"

Nikampa meza yangu ya kuandikia. Pipa liko juu yake mpaka leo, ndiyo maana makala hii naiandikia magotini.

KUTOKA BUYENZI HADI ASIATIQUE

Siku ya tano tuliondoka wanne: mimi usukani, Idi kulia kwangu, Kazadi kitandani nyuma, Déo kwenye kiti kidogo karibu na sinki, fimbo yake magotini. Kwa nini mafundi wawili? Kwa sababu injini ilikuwa na tabia ya kuzimika, na kila ikizimika, ile koki na ile swichi vilijifunga vyenyewe. Wote wawili waliliita hilo ufundi wa hali ya juu. Kuwasha upya kulihitaji Idi aseme, "Geukeni!" tugeuke, apotee chini ya gari, kisha Kazadi aseme, "Na we pia, baba," Idi ageuke kwa shingo upande, Kazadi aingize mkono anakokujua yeye. Ndipo niguse ufunguo.

Lilizimika mara ya kwanza kwenye bariyeri ya askari, mahali ambapo bado husikia adhana ya mtaani kwangu.

Askari sita walikuja. Mkubwa wao, sajini mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alituangalia sote tumeligeuzia gari mgongo huku miguu ya mtu ikitokeza chini yake.

"Kunafanyika nini hapa?"

"Tunawasha gari, shefu," nikasema.

"Kwa nini munaangalia mbali?"

Nilimweleza kwa Kiswahili changu cha kitabuni, kile ambacho Kazadi husema kinamkumbusha redio. Sajini akaamuru aonyeshwe. Idi akatoka chini, mafuta usoni, akasimama wima.

"Shefu, piga mimi. Lakini nikuambie kitu. Nikikuonyesha leo, kesho gari ikipotea, watatafuta nani? Watatafuta wenye wanajua. Sasa tuko wawili. Unataka kuwa wa tatu?"

Sajini alifikiri. Aliona mbele yake, nadhani, ofisi, meza, na mkubwa wake akimuuliza maswali. Akageuka. Halafu akakumbuka wenzake. "Na nyinyi! Geukeni!"

Kwa dakika mbili bariyeri nzima iliitazama milima, ambako ndiko hasa ilikotakiwa kutazama.

ASIATIQUE, MTAA WA MALAIKA

Tulisimama Asiatique, mtaa wa maduka, ninunue mkate na majani ya chai. Niliposhuka, Déo naye alishuka akaubamiza mlango, kwa sababu mlango wazi, alisema, ni mlango wa mwizi. Ufunguo ulikuwa ndani. Mafundi walikuwa wameshashuka kunyoosha miguu, kila mmoja upande wake wa barabara.

Basi, gari lisiloweza kuvunjwa lilikuwa limefungwa, nasi tuko nje. Idi alizunguka mara tatu, akigusa nondo zake mwenyewe kwa fahari na uchungu. "Nilifanya kazi muzuri," akasema. Hakuna aliyembishia.

Watu walijaa. Huu, kwa wasiojua, ndio mtaa ambako Musiyu Bernard alipoteza vioo viwili vya pembeni akiwa anasubiri taa. Nikapanda kwenye ngazi ya duka nikauliza kwa sauti: je, kuna mtu anayejua kufungua gari lililofungwa?

Sijawahi kuona watu wema kiasi kile. Kijana mmoja aliangalia viatu vyake. Mwingine alisema hajawahi hata kugusa gari. Mwanamume mwenye kovu shavuni, ambaye ningemwogopa hata kanisani, alitikisa kichwa: "Mama, hivyo vitu tunasikia tu." Maana kusema unajua ni kukiri, na mbele ya umati! Saa zikapita. Tulikula mkate tumekaa ukingo wa barabara. Watu waliendelea kuja kutupa pole na kwenda zao wakiwa safi kama maji ya zamzam. Tukalala barazani kwa muuza sabuni, asubuhi umati ukarudi kutazama tulipofikia.

Karibu na adhuhuri alitoka mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mnene, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, wote wakimwita Alhaji. Alikuwa ameshika ile mita yake ya chuma ya kupimia vitenge. Alisogea mlangoni, akaipenyeza mita kati ya kioo na mpira, akainama kidogo kama anayesikiliza, akavuta. Mlango ukafunguka. Hesabuni mpaka kumi. Yeye alimaliza kwenye saba.

Nikamshukuru, kisha, kwa ujinga wa wasomi, nikauliza: "Alhaji, ulijifunzia wapi?"

"Mama," akasema bila kuniangalia, "we unataka mulango ao unataka historia?"

Kwa kuwa heshima yake ilikuwa imeshaondoka, alinifungulia pia kabati la jikoni ambalo Idi aliliziba mwaka wa kwanza. Ndani mlikuwa na kopo la dagaa na kadi yenye namba ya simu ya Madamu huko kwao. Miaka mitatu niliitafuta namba ile! Barua zangu zote hazikujibiwa, na namba ilikuwa inalindwa na mimi.

Mtauliza kwa nini sikupiga siku ile ile. Nitasema kweli, maana nimeshaanza. Nilitaka nipige nikiwa na habari moja tu: Madamu, gari liko melini, zima, hata kijiko hakijapotea. Mwanafunzi haendi kwa mwalimu na kazi nusu.

Tulipoondoka nilimsikia Alhaji akimwambia jirani yake kwamba mwaka huu, Mungu akijalia, itabidi arudi Maka.

ZONE INDUSTRIELLE, MAHALI PA AIBU YANGU

Meli ilisemekana ingeondoka Ijumaa saa tisa mchana. Foleni ya kuingia bandarini ilianzia kwenye maghala ya eneo la viwanda, Zone Industrielle, malori ya saruji mbele yetu na nyuma yetu, na ilisogea mita tano kwa mara. Mita tano, injini inazimika. Geukeni. Na we pia, baba. Mita tano. Madereva wa malori walishazoea. Wakitusikia waligeuka wenyewe, mmoja alijifunza hata kupiga kengele ya baiskeli kutujulisha foleni imesogea.

Idi na Kazadi waliacha kuongea moja kwa moja.

"Shemeji, ambia huyo mutu yako ya kwaya kwamba ni umeme yake inazima gari."

"Mama Salma, jibu yeye kwamba umeme haina shida. Mafuta ndiyo inapita kama mkojo ya mutoto."

"Shemeji, umesikia alisema nini juu ya mafuta yangu?"

Nilikuwa nimekaa katikati yao, nimesikia. Ilikuwa siku ya nane, Jumatano. Niliangalia ule mstari wa malori, nikaangalia ziwa kwa mbali, meli inaonekana kabisa, ndogo, nyeupe, na wazo likaja likiwa limevaa vizuri kama mgeni wa harusi: gari hili lisingekuwepo, ningetembea kwa miguu mpaka pale kwa dakika ishirini. Ningefika kwa mtoto mwenye jina langu. Na ningesema, kwa unyoofu kamili, Madamu, liliibiwa.

Wakati huo injini ilikuwa inafanya kazi. Nikamtuma Idi akasali. Nikamtuma Kazadi akatafute fyuzi. Nikamwambia Déo akalale chini ya mti mbali kidogo, mchana ni haki yake. Nikafungua milango yote miwili. Nikamwachia mwizi kila kitu alichohitaji. Kuzima injini kungekuwa ukatili. Asingeweza kuiwasha bila mafundi.

Nikaenda kwa mama lishe nyuma ya ghala, nikala ndagala za kukaanga na ugali wa muhogo. Nilikula polepole. Niliagiza sahani ya pili. Niliomba na pilipili.

Niliporudi nilikuta duara la watu. Nikawaza: tayari, wanaangalia mahali lilipokuwa. Nikaandaa uso wangu wa huzuni. Duara likafunguka.

Gari lilikuwepo. Injini imezimwa, wakaniambia, ili petroli yangu isipotee bure. Kila gurudumu lilikuwa limewekewa matofali mbele na nyuma. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, na kwenye ngazi ya mbele alikaa mama muuza parachichi, kapu mapajani, kama anayelinda benki.

"Ni we mwenye gari?" akaniuliza. "Aibu! Mama muzima, unaacha gari wazi? Bujumbura hii?"

Dereva mmoja wa lori, mzee, alinipa somo refu juu ya wezi. Wengine waliongeza mifano. Askari aliyekuwa anapita akasimama, bunduki begani. "Uliiacha wazi makusudi?"

"Apana," nikasema. "Nilisahau." Mnaona, hata Kiswahili changu cha kitabuni kilinikimbia.

"Na ufunguo?" nikauliza.

Wakachangamka wote. Ufunguo uko salama kabisa! Wamempa Mama Furaha, mtu wa Mungu, hawezi kuiba hata sindano.

"Yuko wapi?"

"Amerudi kwake. Gatumba, kule mupakani."

GATUMBA, AMBAKO SIKUKUSUDIA KUFIKA

Alhamisi asubuhi, barabara ilipofunguliwa, nilikodi mwenye baiskeli anipeleke. Nilikaa nyuma upande mmoja, kama bibi harusi aliyechelewa, jua likinipiga, na nikafikiria Jumamosi.

Mama Furaha nilimkuta uani anasonga ugali. Ni mwanamke wa rika langu, mzaliwa wa Uvira, anavusha mawese na vitenge mpakani. Hakushangaa kuniona. Alichimba mkono kwenye gunia la unga, akatoa ufunguo, akaupuliza.

"Kula kwanza," akasema. "Sombe iko."

Nilikataa, nikala hicho kisamvu. Aliniuliza naenda wapi, nikamweleza juu ya Salma na arobaini na, ulimi ukiteleza, juu ya sahani ya pili. Alinitazama nikimega ugali, kisha akasema polepole, "Dada, mi najua mutu anasahau. Mutu anasahau mwamvuli. Mutu anasahau bibilia ku kanisa. Lakini injini inanguruma, milango mbili wazi, na we unaagiza sahani ya pili?"

Nikaongeza tonge. Pilipili ya sombe ilinisaidia. Machozi yalikuwa na sababu.

"Na juu ya nini hawakuiiba?" nikauliza mwishowe. Niliuliza hivyo hivyo, kwa lugha yake. "Niliwaachia kila kitu."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Wataipeleka wapi? Huku mupaka, karatasi. Kule Rumonge, vita. Juu milimani, vita. Na mu muji, hata mutoto anajua ni nyumba ya muzungu ya Buyenzi. Mwizi iko na akili, dada. Nani ataiba nyumba ya magurudumu mu muji yenye haina kwa kutokea?"

Miaka mitatu! Nondo, koki, swichi, magurudumu kwa majirani wanne, na mimi mwenyewe nimefungwa pamoja nalo. Nilijihisi kama baba yangu, siku ambayo yule Mgiriki angerudi na kumkuta ameshika koti.

Kisha Mama Furaha akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Mi niliacha nyumba Uvira. Nilipatia jirani funguo, nikamwambia wiki mbili. Ni mwaka wa nne. Siku ingine najiuliza kama anailinda, ao anaomba iungue ili apumuzike." Akaniangalia. "Nikirudi nikute imeungua, ntamwambia pole. Kweli ntamwambia."

Saa kumi askari walifunga barabara mpaka kesho yake, nikalala kwake. Asubuhi alimfunga kuku mmoja miguu akamtia mikononi mwangu. Ni wa mtoto, akasema. Na kwamba nimwambie huyo Salma mama yake alichelewa kwa sababu nzuri, hata kama sababu hiyo hatutaijua mimi na yeye.

BANDARINI

Ijumaa saa nne nilirudi. Wenzangu walikuwa wamelisukuma gari kwa mikono pamoja na madereva wa malori, mpaka getini, wakaingia. Idi na Kazadi walisukuma bega kwa bega, niliambiwa, na walipofika kila mmoja alisema mwenzake hakusukuma.

Karani wa mizigo alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alilizunguka gari, akachungulia sinki kupitia nondo.

"Ni ya nani?"

"Amana," nikasema.

"Amana ya nani?"

Nikamweleza. Akasikiliza yote, kuanzia jiografia. Akasema hana shida na mimi, uso wangu ni uso wa mwalimu. Lakini nahodha hapandishi gari la mgeni bila kumsikia mwenyewe kwa sikio lake akisema lipande. Meli saa tisa. Nyingine? Akainua mabega kuelekea ziwani. Mezani kwake palikuwa na simu.

Nilitoa kadi. Ofisini tulijaa: karani na nahodha, Idi na Kazadi kila mmoja kwenye kona yake, Déo mlangoni na fimbo, mimi na kuku. Ilikuwa saa saba na nusu. Ikaita. Ikaita. Halafu sauti ile ile iliyonifundisha majina ya mito.

"Madamu Odile? Ni Zaituni. Bujumbura."

Alilia kwa furaha. Aliuliza juu ya mama yangu, aliyefariki, na juu ya Salma, na kama bado naandika. Nikamkatiza, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia darasani. "Madamu, gari. Liko bandarini. Zima. Hata kijiko hakijapotea."

"Gari gani, mpenzi wangu?"

"Gari lenu. La vitanda viwili."

Nikasikia akimwita Bernard, halafu mkono ukafunika simu, halafu ukafunuliwa.

"Zaituni. Bernard aliandikisha kwamba liliibiwa. Wiki ile ile tuliyofika. Bima walitulipa, tukanunua jingine. Tulidhani, na vita ile... nani angeweza kulilinda?"

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilisema, "Liliibiwa na nani?"

"Tuliandika watu wasiojulikana." Akashusha sauti. "Tafadhali, usilipeleke popote. Likionekana, sisi tutaitwa waongo, na wewe, kwa karatasi zile, utaitwa mwizi. Liache hapo hapo, mpe anayelihitaji. Nenda zako, mtoto wangu. Kwani ulikuwa unalingoja hilo muda wote huu?"

Nikawageukia wenzangu. Nahodha alikuwa anaangalia saa.

"Anasema nini?" Idi akauliza.

"Anasema liliibiwa. Miaka mitatu iliyopita."

Idi akamtazama Kazadi. Kazadi akamtazama Idi. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku kumi kuangaliana uso kwa uso, na kila mmoja aliona kwa mwenzake kwamba si yeye.

Nilichukua ufunguo, bado una unga wa Gatumba, nikauweka kwenye kiganja cha Déo. Aliuangalia. Hakuwa na nyumba tangu aliposhuka mlimani, lakini hakuufunga mkono. Kitu kingine kilikuwa kinamkera.

"Mama Salma. Madamu bado iko mu simu?"

"Yupo."

"Mwambie," akasema, na akasimama wima na fimbo yake kama siku ya kwanza nilipompa kazi. "Mwambie mi sikulala hata siku moja. Kama hiyo gari iliibiwa, iliibiwa muchana."

Nikamtafsiria Madamu neno kwa neno, maana amana ni amana.